Kisa cha K.: kubuni papo hapo ndani ya Chopin na Mozart mbele ya watu, kilichokubali na kilichogoma

Kabla ya yote

Kisa hiki nakiandika kwa ajili ya wapiga piano wa hapa Dar na walimu wao, hasa wale wanaotoka kwenye kinanda cha kanisani halafu wanaingia kwenye vitabu vya Chopin na Mozart, maana ni njia ambayo wengi tumepita na hatuiongelei vya kutosha. Mhusika nitamwita K. Jina lake, kanisa, ukumbi na tarehe nimeviondoa, na yeye mwenyewe ameisoma hii na kuniruhusu niiweke. Mimi siku hiyo nilipiga piano ya pili, ile inayoshika nafasi ya okestra, kwa hiyo mengi niliyaona kutoka mita chache tu.

Ninachotaka tukiangalie ni hiki: mtu amekaa mbele ya watu na kazi iliyoandikwa zamani, inajulikana, ina nota zake, je anaweza kubuni vyake papo hapo sehemu gani, na akishatoka kwenye nota anarudije?

K. ni nani

Kijana wa miaka 20 na kitu. Alianza kupiga kinanda kwenye kwaya ya vijana huko Temeke, kwa sikio, bila mwalimu. Na mpiga kinanda wa kwaya huku kwetu anakuwa na uwezo ambao kuna watu wanasoma piano miaka kumi hawaupati: mwimbaji anaanzisha pambio kwa kii yoyote iliyomjia mdomoni na wewe unatakiwa uikamate kabla hajamaliza mstari wa kwanza, mchungaji anaanza kuomba na wewe unamwekea muziki wa chini chini hujui ataomba dakika mbili au ishirini, mtu anatoa ushuhuda anaanza kulia na wewe lazima ujue muda wa kunyamaza. Yote hayo ni kubuni papo hapo. Hakuna anayeyaita hivyo kwa sababu ni kazi ya kila Jumapili.

Nota alijifunza baadaye, kwanza zile za do re mi zinazoandikwa kwenye madaftari ya kwaya, afu zile za mistari mitano, akaanza kufanya mitihani ya gredi. Hapo ndipo ilipoanza shida. Aliyemfundisha kusoma nota alimkataza kabisa kuongeza chochote, na kwa hatua ile alikuwa na haki, maana mtu ukibuni kabla hujaweza kusoma kilichoandikwa huwezi kujua kama unabuni au unakosea. Ila katazo lilibaki hata baada ya kujua kusoma. Ikawa Jumapili K. anabuni asubuhi nzima bila wasiwasi, na katikati ya wiki akikaa mbele ya Chopin anaogopa kugusa kitu, mabega yamepanda, sauti imekuwa ndogo, yaani ungedhani ni watu wawili tofauti.

Alipokuja kwangu kuomba nimsindikize kwenye onyesho lake, ombi lilikuwa la moja kwa moja: "Mwalimu, nataka siku hiyo nipige kama mimi, ila isiwe fujo."

Kazi zilizochaguliwa na kwa nini

Tulichagua mbili, kila moja kwa sababu yake.

Ya kwanza ni Noktuni ya Chopin (noktuni ni kipande cha piano chenye utulivu wa usiku) Op. 9 Na. 2, kii ya E fleti meja, iliyotoka 1832. Wengi mnaijua hata kama jina hamlijui. Ina vipimo 34 tu, yaani vile visehemu vya mapigo vinavyotengwa na mistari ya wima. Kuna wimbo wa vipimo vinne, tuuite A, unatokea mara nne, na katikati kuna sehemu nyingine, tuiite B, inatokea mara mbili, halafu mkia wa mwisho. Cha kuangalia ni kwamba kila A inaporudi Chopin mwenyewe ameipamba upya, nota zimeongezeka, inazunguka, inapanda, inashuka kwa mtindo mwingine. Na hakuishia hapo, kwenye vitabu vya wanafunzi wake alikuwa anaandika kwa penseli mapambo tofauti na yale yaliyochapishwa, na noktuni hii ni kati ya kazi zake zenye mapambo mengi ya namna hiyo yaliyobaki hadi leo. Kwa hiyo mtu akikwambia Chopin alitaka nota zilezile tu siku zote, muonyeshe hii.

Ya pili ni muvumenti, yaani sehemu, ya kwanza ya Konseto ya piano na okestra ya Mozart K. 466, D maina (hiyo K. ni namba ya orodha ya kazi za Mozart, si kijana wetu). Mozart aliimaliza tarehe 10 Februari 1785 na kesho yake akaipiga Vienna. Baba yake, Leopold, aliandika kwenye barua kwamba yeye alipofika, mnakili alikuwa bado ananakili nota na Mozart hakuwa amepata hata nafasi ya kuipitia rondo, yaani muvumenti ya mwisho. Sasa, karibu na mwisho wa muvumenti ya kwanza okestra inasimama, inamwachia mpiga piano peke yake, hiyo ndiyo kadenza. Kwa konseto hii hakuna kadenza ya Mozart iliyobaki. Nafasi iko wazi kabisa. Beethoven aliandika ya kwake kwa ajili ya hiyo nafasi, Clara Schumann, mpiga piano wa karne ya 19, naye aliandika, na leo kuna wapigaji kama Robert Levin ambao kadenza za Mozart wanazibuni palepale jukwaani.

Tulikubaliana vilevile K. apige utangulizi mfupi wa kubuni kabla ya noktuni. Hii ilikuwa kawaida ya wapiga piano wa karne ya 19, hawakai tu na kuanza kazi, wanapapasa kwanza kwenye kii ileile mpaka watu watulie. Clara Schumann alifanya hivyo maisha yake yote na uzeeni, 1895, akaandika baadhi ya tangulizi zake ili zisipotee.

Na hapa jamani tusijifanye wageni. Anayesikiliza taarabu anajua taksimu: mpiga kanuni au fidla anatangulia peke yake, anautembelea ule mkondo wa wimbo kabla wimbo wenyewe haujaingia, na kila siku anaipiga tofauti. K. nilipomwambia utangulizi ni ndugu wa taksimu alielewa saa hiyohiyo, sikuhitaji kueleza zaidi.

Maamuzi kabla ya siku

Kwenye noktuni tuliamua hivi: A ya kwanza ipigwe kama ilivyoandikwa, neno kwa neno, ili msikilizaji ajue kitu chenyewe ni kipi. Huwezi kumfurahisha mtu kwa kubadilisha kitu ambacho hajakisikia. A ya pili iwe ya Chopin na mapambo yake yaliyochapishwa. A ya tatu na ya nne K. yuko huru kwenye mkono wa kulia, mkono wa kushoto haubadiliki. B zote mbili haziguswi. Nitaeleza mbele kwa nini, maana hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Kwa kila A ya uhuru tulimpa K. mlango wa kurudia. Yaani hata kama amepotea kabisa angani, kipimo cha nne cha A anakipiga kama kilivyo. Tulifanya zoezi moja kwa muda mrefu sana: mimi napiga makofi wakati wowote yeye anabuni, na akisikia kofi anatakiwa kipimo kinachofuata awe amerudi kwenye nota. Mwanzoni alikuwa anaruka kama mtu aliyeshtuliwa usingizini, baadaye ikawa laini.

Kadenza ilikuwa na njia tatu. Kujifunza ya Beethoven. Kuandika ya kwake na kuikariri. Au kuwa na mifupa tu na nyama iwekwe siku hiyohiyo. Ya Beethoven tuliiacha kwa sababu K. alitaka kusema lake, na pia ni ngumu, ingekula muda wote wa mazoezi. Ya kuandika na kukariri ingekuwa salama zaidi na kwa mwanafunzi mwingine ningeipendekeza. Kwa K. tulichagua mifupa, kwa sababu kubuni ndiko anakojua kuliko kukariri, na tukakubaliana iwe hivi: anaanza pale okestra inapomwacha, kwenye kodi (nota kadhaa zinazopigwa pamoja) ya D maina yenye A chini kwenye besi; hapa A ni nota, si ile sehemu ya noktuni. Anachukua wimbo ule ambao piano inaingia nao mwanzoni, maana ni wa piano peke yake, okestra haijaupiga kabla. Anapita kwenye ule wimbo wa pili. Anachukua kitu kutoka kwenye ufunguzi wa okestra, yale mapigo yanayokatisha, yanayokuja nje ya pigo. Anarudi A kwenye besi, anapiga trili, mimi naingia. Isizidi dakika mbili.

Mwanafunzi lazima aelewe kwa nini ni A kwenye besi na si vinginevyo. Ile kodi ambayo okestra inasimamia haijatulia, inadai kwenda kwenye kodi ya A na ndipo irudi nyumbani D. Kadenza nzima, hata iwe ndefu vipi, ni sentensi iliyokatwa katikati, na mtu aliyesikiliza anajua kuna neno halijasemwa. Ukitua D maina katikati ya kadenza kwa nguvu umeshasema neno, umemaliza stori, hata ukiendelea watu wameshapumua. Kwa hiyo K. alikatazwa kitu kimoja tu: asitue D na besi yake mpaka baada ya trili.

Na trili yenyewe, zile nota mbili jirani zinazopigwa kwa kupokezana haraka haraka, ndiyo ishara ya zamani kwa okestra kwamba solo anamaliza, jiandaeni. Juu ya hiyo tukaongeza ishara ya pili, kichwa. Aniangalie na ainamishe kichwa. Trili bila kichwa siingii.

Suala la vyombo. Ukumbi ulikuwa na piano moja ya akustiki na tukaleta ya umeme. Nilipopima kwa simu, A ya akustiki ilikuwa imeshuka mpaka 436 badala ya 440, hakuna fundi aliyepatikana kwa muda ule, tukaishusha ya umeme kwenye mipangilio yake ifuate ya akustiki. Hiki kitu kidogo kinaokoa, na piano nyingi za umeme zinakiruhusu, kitafuteni kwenye menyu. K. akakaa akustiki, mimi umeme, na tulisema wazi kabisa kwamba ukikatika basi angalau yeye anaendelea.

Siku yenyewe

Ukumbi wa watu kama mia hivi, joto la jioni, feni zinazunguka, upande mmoja wamekaa wanakwaya wenzake na familia, upande mwingine watu wa muziki wa kusoma, walimu wawili watatu, wageni.

Utangulizi aliupiga vizuri sana. Alianza chini, kodi za E fleti zilizofunguka, pole pole, akapanda. Na humo ndani akagundua kitu: kitufe kimoja cha juu kilikuwa kinanata, ukikibonya hakirudi haraka, unyevunyevu wa pwani huo. Nilimwona anakigusa mara mbili, anakisikiliza, afu anakwepa. Kwenye mazoezi ya asubuhi hakikuwa hivyo. Hiyo ndiyo faida ya utangulizi ambayo watu wa zamani walikuwa nayo, unakijua chombo kabla hakijakuaibisha, na wakati huohuo watu wanakaa kimya bila kuambiwa.

A ya kwanza safi. A ya pili safi. B ya kwanza safi. A ya tatu ndipo alipofunguka, akaongeza mduara mdogo kwenye nota ndefu, akarudia kipande cha melodi kwa oktavu ya chini kama mtu anayejijibu, na kutoka upande wa kwaya nikasikia "mmmh" ile ya kanisani, ya watu wanaokubali. Kipimo cha nne akarudi mlangoni vizuri.

Halafu B ya pili. Tulikubaliana haiguswi. Kwenye kipimo chake cha mwisho, kile cha 20, kodi zinabadilika haraka haraka, zinateleza kwa nusu sauti, afu zinakurudisha E fleti. K. akaingiza mteremko wa nota kwenye mkono wa kulia, ule wa kujaza nafasi mwimbaji anapovuta pumzi, skeli moja ndefu, yaani nota zinazofuatana kama ngazi. Mkono wa kulia ukawa uko kwenye skeli moja na mkono wa kushoto unapita kodi nne tano ambazo haziijui hiyo skeli. Viligongana kwa sauti kubwa. Mkono wa kushoto ukasimama.

Kimya kama cha pigo moja. Halafu, na huu ni uzoefu wa kanisani kabisa, hakusimama. Akakamata E fleti, akaanza kuzungusha kodi tatu, ya kwanza, ya nne, ya tano, kama anamsubiri mwimbaji. Upande wa kwaya wakaanza kutikisa vichwa, mama mmoja akapiga kofi moja mbili. Ilienda vipimo kadhaa hivi, ikawa ni pambio kabisa, Chopin haonekani hata kwa mbali, ndipo akaona upenyo akaingia A ya nne na kumaliza. Mkia akaupiga vizuri, hata pale karibu na mwisho ambapo Chopin anasimamisha mapigo na kurudiarudia kikundi kidogo cha nota, K. alikivuta kwa utulivu kwa muda wake.

Watu walipiga makofi mengi, vigelegele vilikuwepo. Walimu walipiga makofi ya adabu.

Mozart ikafuata. Tulienda vizuri. Kwenye kadenza alianza na wimbo wa piano, akaupeleka mkono wa kushoto, juu akaweka mawimbi mepesi. Wimbo wa pili akaugusa tu. Alipofika kwenye yale mapigo ya kukatisha ya ufunguzi akayashika kwenye mkono wa kushoto, akayarudia, akayarudia, na taratibu yakaanza kuvutwa mbele, yakawa yanaegemea kama gitaa la kati la muziki wa dansi wimbo unapokaribia chemko. Haikuwa muda mrefu. D maina ileile, besi bado inang'ang'ania A. Ukumbi ulijikaza, unasikia kabisa watu wameacha kupunga vipeperushi vyao. Akapunguza, akarudi, akapiga trili.

Sikuingia, kichwa hakikuinama. Na kweli alikuwa hajamaliza, alikuwa amenogewa, akaachia trili, akapanda tena kidogo, akarudi kwenye trili ya pili, akaniangalia, akainamisha kichwa. Nikaingia. Tungetegemea trili peke yake pale ningemvamia.

Baada ya onyesho

Mama mmoja aliyefundisha piano hapa mjini miaka mingi, K. akamwamkia shikamoo, akamshika mkono akamwambia, "Marahaba mwanangu. Una mikono mizuri. Ila pale katikati ya noktuni ulinipeleka ibadani na sikuwa nimejiandaa." Na akaongeza kuhusu kadenza, kwamba yale mapigo ya dansi hayakuwa ya Mozart. K. hakubishana, akasema, "Nimekusikia mama."

Mzee mmoja wa kwaya kwa upande wake alimwambia pale katikati ya noktuni ndipo alipoielewa. Sehemu ileile.

Mgeni mwingine aliniuliza kwa nini kipeperushi hakikusema kwamba kuna kubuni, maana anaijua noktuni vizuri na alidhani kijana amesahau nota. Hilo lilinikaa.

Uchambuzi: kwa nini kadenza ilisimama

Nafasi iliachwa wazi na mtunzi, hiyo kwanza. Mtunzi akitaka kufunga mlango anaweza kuufunga: Beethoven kwenye konseto yake ya tano aliandika kabisa kwenye nota za muvumenti ya kwanza kwamba hapa hakuna kadenza, endelea moja kwa moja na kilichoandikwa. Kwa hiyo kabla hujabuni, uliza mtunzi kaacha wapi na kafunga wapi, na majibu yanatofautiana hata kwa mtunzi mmoja. Konseto nyingine za Mozart zina kadenza zake mwenyewe zilizobaki, na hapo mazungumzo yanakuwa mengine.

Pili ni ile mifupa. K. alikuwa na uhuru mkubwa sana ndani ya kitu kimoja kisichohama, besi ya A. Ndiyo maana hata yale mapigo ya dansi kwangu mimi yalikubali. Hayakudondoshwa kutoka nje, yalichipuka kwenye mapigo ya kukatisha ambayo Mozart ndiye aliyeanza nayo, na msikilizaji alisikia yanavyobadilika hatua kwa hatua. Angeyaleta ghafla ningekuwa upande wa yule mama.

Trili mbili si kosa kubwa, ila zilirefusha. Nilipoangalia rekodi kadenza ilifika karibu dakika tatu. Kilele kilikuwa pale kwenye mapigo, na baada ya kilele kila sekunde inakuwa na bei.

Uchambuzi: kwa nini noktuni iligoma

Watu wengi waliokuwepo wangesema K. alipanic. Mimi naona sababu iko kwenye kodi zenyewe.

Kwenye A kodi zinatembea kwa hatua unayoweza kuifuata, kuna muda wa kuzunguka juu ya kila moja. Mapambo ya Chopin yenyewe yako humo. Kwenye kipimo cha mwisho cha B hakuna muda huo. Kodi zinapita mbio, kila moja inatofautiana na jirani yake kwa nusu sauti, na melodi pale juu imeshonwa na kodi hizo, ukivuta uzi mmoja unafumua. Mkono wa kanisani umezoea kodi inayokaa, ukisikia nafasi unajaza, na kinachojaza ni skeli ya kii mnayopigia. Kwa pambio inafanya kazi kwa sababu kodi zote tatu za pambio zinakaa ndani ya skeli hiyohiyo. Kwa kipimo kile cha Chopin skeli ya E fleti ni mgeni kwa karibu kila kodi inayopita.

Ndiyo maana tulisema B isiguswe. K. alilijua katazo. Alichokosa ni sababu yake, kuijua kwenye vidole, na ile "mmmh" ya A ya tatu ilipomjaa moyoni katazo lisilo na sababu lilikuwa jepesi kuliko furaha. Aliniambia mwenyewe, "Nilihisi watu wamenishika, nikashindwa kuwaacha." Hili mwalimu yeyote alielewe kabla ya kumlaumu mwanafunzi. Ni silika nzuri. Kwenye ibada ndiyo inayomfanya awe mpigaji anayetafutwa.

Kingine kinahusu kumbukumbu. Unapopiga kama ilivyoandikwa, vidole vinakumbuka kwa mnyororo, nota hii inaita ile. Ukibuni unaukata mnyororo, kwa hiyo kurudi hakuwezi kutegemea vidole, kunahitaji sehemu unazoweza kuanzia bila kilichotangulia. Kwa A tulizitengeneza. Kwa B hazikuwepo kwa sababu haikutakiwa kutoka. Alipotoka hakukuwa na pa kurudia isipokuwa A inayofuata, na ndiyo maana alizunguka pale nje kwa vipimo vyote vile akitafuta upenyo.

Ila kule kuzunguka kodi tatu ndiko kulikookoa onyesho. Mtu aliyefundishwa nota peke yake angesimama, angeomba radhi, angeanza upya. K. aliendelea kwenye kii sahihi na kwa mwendo uleule. Sikubaliani na wanaosema tabia ya kanisani ndiyo iliyomwangusha na ingefaa aiache nje ya mlango. Ilimwangusha na ikamwinua ndani ya dakika moja, na kazi ya mwalimu ni kuiongezea kodi inazozijua.

Kuhusu kuwaambia watu

Zamani msikilizaji alitegemea kubadilishiwa. C.P.E. Bach, mtunzi wa karne ya 18, alipochapa sonata zake za marudio yaliyobadilishwa mwaka 1760, alisema kwenye utangulizi kwamba kubadilisha wakati wa kurudia ni jambo lisilokwepeka kwa zama zake. Liszt, mpiga piano wa karne ya 19, alikuwa anapokea wimbo kutoka kwa wasikilizaji na kubuni juu yake, na leo mpiga piano Gabriela Montero anafanya hivyohivyo kwenye maonyesho yake. Ila msikilizaji wetu aliyekulia kwenye rekodi anategemea kusikia kile alichosikia kwenye rekodi. Kumwambia mapema ni heshima kwake, na inamlinda mpigaji pia, hakuna atakayedhani amesahau.

Onyesho la pili

K. alirudia programu hiyohiyo baadaye kwenye ukumbi mwingine mdogo. Kipeperushi kiliandikwa mstari mmoja: kwamba baadhi ya marudio ya noktuni na kadenza yote vinabuniwa na mpigaji jioni hiyo. Watu walisogea mbele kwenye viti walipofika hapo, niliwaona.

Mazoezi yalibadilika. Kwa wiki kadhaa B aliipiga mkono wa kushoto peke yake huku anataja kila kodi kwa sauti, ikifika kile kipimo cha mwisho anapunguza mpaka kila kodi inakaa peke yake, afu anaimba melodi juu yake bila kuipiga. Nilimwambia siku akiweza kubuni melodi mpya pale kwa kuimba, kodi ileile, nota inayokubali, basi katazo limekwisha. Alifika hapo. Jukwaani hata hivyo hakuigusa, aliipiga kama ilivyo, na A ya nne ikatoka tamu kuliko mara ya kwanza kwa sababu B ilikuwa imeisubirisha.

Kadenza ilikuwa chini ya dakika mbili, trili moja. Yule mama alikuwepo tena, na kuhusu mapigo ya dansi bado hajakubali, alimwambia wazi. K. hajayatoa. Ameyafupisha yamekuwa vipimo vinne.